Jibu: tranche, rondelle, part... vyote ni "kipande"?

Ndugu, umeuliza kwa nini mapishi ya Kifaransa yana maneno mengi pale sisi tunaposema "kipande" tu. Wao huangalia umbo. Tranche ni slesi: ya mkate, ya nyama baridi, hata ya tikiti. Rondelle ni duara, kama karoti au tango likikatwa kwa upana. Morceau halichagui umbo, kwa hiyo ukikwama litumie hilo. Keki na pizza ni part, yaani fungu la mtu. Hapo ukisema morceau utaeleweka, ila part ndilo la mezani.

Kwenye samaki ndiko watu wengi hupotea. Darne ni pande lililokatwa kwa upana wa samaki mkubwa, mfupa ukiwa katikati, kama wauza nguru wanavyokata. Filet hukatwa kwa urefu na haina mfupa. Pavé ni mnofu mnene, pia bila mfupa.

Na kitunguu saumu, tafadhali: gousse ni punje moja, tête ni kichwa kizima. Mimi niliwahi kuvichanganya, mchuzi ukanuka siku mbili.