Maswali ya Marubani Wanafunzi: Kona, Mwendo na Mwinamo

Nikitaka kona iwe fupi, niongeze mwendo au nilaze ndege zaidi?

Laza ndege, na mwendo usiuongeze. Kwa noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa) na mwinamo, yaani ulalo wa mabawa, wa digrii 30, nusu kipenyo cha duara lako ni kama mita 470. Kwa noti 200 na mwinamo uleule, ni karibu mita 1,870. Mwendo mara mbili, kona mara nne. Swali hili linaletwa kila mara. Tafadhali kokotoeni kwanza.

Ndege iliyojaa mzigo hugeuka kwa upana kuliko tupu?

Hapana. Mwendo na mwinamo vikiwa sawa, duara ni lilelile.

Kona ya digrii 3 kwa sekunde inataka mwinamo gani?

Inategemea mwendo. Kwa noti 100 ni digrii 15 hivi, kwa noti 200 ni karibu 29. Usikariri namba moja.

Kitabu kinasema ndege yangu inastoli, yaani mabawa yanaacha kuibeba, kwa noti 50. Nikiwa na 65 kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, si niko salama?

Umelaza bawa kiasi gani? Hukusema, na jibu lote limo humo. Hiyo 50 ni ya ndege inayoruka mabawa yakiwa sawa. Ukigeuka bila kushuka, kwa digrii 30 inakuwa 54, kwa digrii 45 karibu 60, kwa digrii 60 inafika 71, maana hapo mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wa ndege. Noti 65 zako zinatosha kwa digrii 30. Kwa 60 umeshastoli.

Na hapa ndipo marubani wanapokufa. Upepo wa nyuma unamsukuma mtu, anapitiliza mstari wa njia ya kutua, anaona aibu kuacha kutua na kuzunguka upya. Anakanyaga pedali ya usukani wa mkia ili pua iingie ndani, huku akivuta usukani. Bawa la ndani linastoli kwanza, ndege inabinuka na kushuka ikizunguka. Kwa futi 500 huna nafasi ya kuiokoa. Ukipitiliza, tia nguvu, panda, zunguka upya. Karibu na kutua usizidishe digrii 30, hata ukimwona mwalimu wako akizizidisha.

Nilijifunzia Mombasa. Sasa niko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kona zangu zinatanuka. Kipimo cha mwendo kimeharibika?

Kipimo ni kizima. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo husoma chini ya mwendo wako wa kweli. Siku ya joto, noti 70 za kwenye kipimo ni kama 78 za kweli, na duara linatanuka kwa karibu robo. Anza kugeuka mapema. Usifidie kwa kulaza ndege zaidi, wala usishuke chini ya mwendo wa kitabuni: ukaribu wako na stoli bado unausoma kwenye kipimo kilekile, kwa namba zilezile za Mombasa. Injini isiyo na turbo nayo imepungukiwa nguvu huko juu na itapanda polepole, kwa hiyo uamuzi wa kuzunguka upya ufanye mapema kuliko ulivyozoea pwani.