Kijana wa fundi siku hizi ana cheti, wewe una nini?

Juzi dada mmoja wa Dodoma kaniandikia inboksi. Ana vyerehani sita, anashona sare za shule, na chuo kimoja cha ufundi kimemwomba apokee wanafunzi watatu wa mafunzo kwa vitendo. "Kaka, niwachukue au najitafutia balaa?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko swali. Nimelileta hapa kwa sababu najua wengi wenu mnataka kuongeza watu mwaka huu.

Mimi ni seremala, Keko, Dar es Salaam. Ufundi niliupata kwa mzee mmoja, Mungu amrehemu, miaka mitatu. Mwaka wa kwanza sikushika randa. Nilifagia, nilibeba mbao, nilitumwa chai. Siku ya kumaliza alinipa patasi mbili na msumeno, akanitangaza mbele ya mafundi wenzake kwamba huyu sasa ni fundi. Karatasi hapakuwa na hata moja. Mkataba wetu ulikuwa mdomo wake na heshima aliyokuwa nayo kwa mama yangu.

Na mimi nikadhani dunia imesimama pale pale.

Mwaka 2019 nikampokea kijana. Jina simtaji. Alikuwa na mkono, huyo. Akishaunga droo hufumba macho na kupitisha kidole gumba kwenye maungio. Akihisi kinyuzi tu, anafungua, anaanza upya. Ndani ya miaka miwili nilikuwa namwachia kitanda cha mninga peke yake, naenda zangu kutafuta oda. Nilimlipa elfu tano kwa siku, na ahadi. Ahadi ya nini hasa, hata leo siwezi kukuambia vizuri.

Ikaja habari ya kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, ule mpango wa VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi. Nikamwandikisha mwenyewe. Nikampa na nauli. Watathmini walimsimamia akiunga mlango wa paneli, wakamhoji, baadaye cheti kikatoka. Nilifurahi kama kimeandikwa jina langu. Miezi miwili haijaisha akaniaga anakwenda kwenye msiba wa babu yake. Alirudi mara moja tu, kuchukua tepu yake. Kumbe kapata kazi ya mshahara Zanzibar.

Hapo nina oda ya vitanda kumi na viwili vya hosteli. Nilichelewa wiki tatu, nikarudisha sehemu ya malipo ya awali, na mteja yule hajarudi. Kijana nilimsema kila kijiwe, nikamwita mwizi. Hakuiba hata msumari.

Miaka imepita, inaniuma bado, lakini hesabu naiona. Zamani fundi alikuwa na kitu kimoja ambacho kijana hawezi kukipata kwingine: neno lake. Bila fundi kukutangaza, hukuwa fundi. Sasa neno hilo linatolewa na serikali, kwa karatasi yenye muhuri, na karatasi inavuka bahari. Tangu 2017 nchi ina mwongozo wa uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi, na lugha yake ni mikataba, muda na posho. Sisi wenye karakana ndogo tumebaki na "kijana wangu huyu, namlea." Unamlea kwa makubaliano gani?

Kwa hiyo dada yangu, andika. Ukurasa mmoja unatosha: anajifunza nini, muda gani, posho kiasi gani, na akitaka kuondoka anatoa taarifa siku ngapi kabla. Mimi nimeweka siku thelathini. Posho itaje kwa tarakimu, usiseme "hela ya kula". Asaini yeye, usaini wewe, na kama ametoka chuoni, chuo nacho kisaini.

Umri nao uangalie. Aliye chini ya miaka 18 simruhusu kusogelea msumeno wa mashine, hata mzazi wake akinibembeleza. Sheria ya kazi inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na kidole hakioti tena.

Halafu hesabu watu wako kabla hujaajiri, hapa wengi wanajikwaa. Tangu Julai 2021 tozo ya kuendeleza ujuzi inamhusu mwajiri mwenye watu kumi na kuendelea. Zamani ilianzia wanne. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa hadi asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara, na anayelipa ni mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Sehemu ya fedha hiyo ndiyo inaiendesha VETA, sawa, lakini tazama: watu kumi wa laki tatu tatu ni milioni tatu, tozo ni 105,000 kila mwezi. Ukiwa na tisa, hulipi. Yaani mtu wa kumi anakuja na deni la wenzake wote. Sisemi usimwajiri. Nasema bei ya kitanda uipange ukijua. Na michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na ya mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini haisubiri ufike kumi, hata mfanyakazi mmoja inamhusu.

Narudia tena: andika. Mnaandikiana risiti ya bawaba za elfu tatu, mtu wa kukaa naye miaka mitatu mnamchukua kwa salamu!

Dada wa Dodoma nimemwambia achukue wawili. Vyerehani sita, washonaji wanne, huyo wa tatu atakaa wapi? Atashinda anakata nyuzi, na chuoni ataandika kwamba kajifunza.

Yule kijana wangu alinipigia Idi iliyopita. Sikupokea. Jioni nikampigia mimi, mara mbili, naye hakupokea.