Tulikusudia Lamu, Tukashukia Malindi

SWALI

Mhariri, assalaam aleikum. Mimi na mume wangu tunaishi Kongowea, Mombasa, na kwa kuwa sote wawili tunafanya kazi siku za wiki, nafasi yetu ya kutembea ni Jumamosi na Jumapili tu. Mwezi uliopita tuliwaacha watoto kwa mama mkwe, tukaondoka asubuhi kwenda Lamu bila kukata tiketi, maana mume wangu hapendi safari ya kupangiwa. Kufika stendi, mabasi ya Lamu yalikuwa yamejaa. Akasema tupande matatu ya Malindi, mengine tutayaona huko huko. Tuliingia Malindi adhuhuri, tukazungushwa na tuktuk kutafuta chumba jua likiwa la utosi, na muda wote uliobaki tukaumalizia ufuoni mbele ya mji, ambako maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilirudi nimenuna. Mwenzangu anasema Malindi haina kosa, ila mimi moyo niliutanguliza Lamu, na sasa anataka tutoke tena kwa mtindo ule ule. Naomba kujua: je, Malindi ina cha kuwatosha watu wawili kwa siku mbili? Na siku ile tungeweza kuendelea hadi Lamu?

Aliyenuna, Kongowea

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Naanza na swali lako la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kutoka Malindi hadi gati ya Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kwa njia ya Garsen na Witu, na basi huchukua saa nne au tano, ukihesabu na vituo vya ukaguzi vya polisi. Kisha kuna kuvuka kwa boti hadi kisiwani. Lau mngepata viti adhuhuri ile, mngefika Lamu giza linaingia, na Jumapili mngelazimika kuamkia gatini ili muwahi basi la kurudi. Mngekuwa mmelala Lamu, lakini hamkuitembelea. Katika hili mumeo alifanya la busara, ingawa nina shaka kama alilifanya kwa kupima saa.

Pale alipokosea ni kuwapeleka ufuoni bila kuuliza habari za maji. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, nao hubeba udongo mwingi kutoka bara. Msimu wa kusi, mkondo huusukuma udongo huo upande wa Mambrui na mbele zaidi. Msimu wa kaskazi, hasa baada ya mvua za vuli, hurudi kusini na kujaa katika ghuba ya mji. Ndiyo hiyo chai uliyoiona. Mvuvi yeyote hapo bandarini angewaambia hivyo bila malipo, na kuwashauri, kama shida yenu ni kuogelea, mpande matatu ya Watamu, safari isiyofika saa moja. Hata Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 na ambayo watu huifuata kwa ajili ya matumbawe na samaki wake, haifai kuendewa kwa kubahatisha: mashua za kioo chini hutoka maji yakipwa, kwa hiyo ulizeni kwanza saa ya kupwa na hali ya tope, ndipo mlipe.

Sasa nije kwa Malindi yenyewe. Mji huu hauaniki vitu vyake barabarani kama Lamu, ambako ukishuka tu gatini umekwisha kuwa ndani ya mji wa kale. Hapa vitu vimetawanyika, na anayekuja bila kuuliza hupita kando yake. Nyinyi wenyewe mlipita karibu na kilicho bora kuliko vyote mkiwa ndani ya matatu, kwa maana magofu ya Gede yako kilomita kama 15 kabla ya kuingia Malindi, si mbali na barabara kuu ya Mombasa. Mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka 23 baada ya mji wa kale wa Lamu, na kwa maoni yangu kucheleweshwa huko hakukuwa haki.

Gede ni mji mzima wa mawe uliomezwa na msitu: jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima, makaburi, na nyumba ambazo wachimbuzi walizipa majina kutokana na walichokiokota ndani yake, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Jambo ambalo hunisimamisha kila niendapo ni kaburi moja lenye mwaka ulioandikwa kwa Kiarabu, 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Mkisimama mbele yake mkumbuke kwamba Wareno walikuja kukaa Malindi karne ya 16, umbali wa mwendo wa nusu siku kwa miguu, na bado katika maandishi yao mji wa Gede hautajwi waziwazi. Watu wawili waliotoka nyumbani wakizozana juu ya njia watapata hapo jambo jingine la kubishania, la maana zaidi. Chukueni mtembezaji wa pale, kwa kuwa kuta bila maelezo ni kuta tu, na ndizi zenu zikae mkobani, maana kima wa Gede hawana haya. Mlangoni hapo pana pia mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza ng'ambo pupa zao, yaani viwavi waliokwisha kujifunga wakingoja kuwa vipepeo. Nusu saa inatosha.

Mjini kwenyewe, nendeni baada ya Alasiri katika Nguzo ya Vasco da Gama, kwenye ncha ya mawe kusini ya ghuba, kwani mchana hakuna kivuli hata cha kuweka mguu. Baharia huyo alifika Malindi mwezi Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa hapa na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, tofauti na alivyopokewa Mombasa. (Wewe mtu wa Mombasa, usilichukue hilo kwa hasira.) Njiani mtapita kanisa dogo la Wareno la kuezekwa kwa makuti, na mkirudi kwa njia ya ufuoni mtaona makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma. Hapo ni mahali pa ibada na pa wafu, basi vaeni kwa staha, na muombe ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Usiku usiwe na shughuli zaidi ya kula. Waitaliano walianza kuja Malindi miaka ya 1960 kwa sababu ya mradi wa San Marco, uliorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka baharini karibu na Ngomeni mwaka 1967, nao walibaki kwa wingi, ndiyo maana mji huu una pitsa na aiskrimu za kweli. Mimi ningekula mishkaki na viazi karai mtaani kwanza, kisha aiskrimu kwa ajili ya amani ya ndoa. Marafa, kule kwenye makorongo ya udongo mwekundu, iacheni mpaka mje na gari. Usafiri wa umma wa kwenda na kurudi utawalia siku nzima.

Kuhusu mtindo wa mumeo, sioni haja ya kumgeuza. Mwachie aamue mji palepale stendi, lakini mambo mawili yawe mikononi mwako kabla ya kutoka nyumbani: majina ya nyumba za wageni mbili au tatu za kuaminika katika kila mji ulio njiani, ili mkiamua mpige simu mkiwa bado ndani ya matatu, na saa ya kuanza kurudi. Kwa Malindi, saa hiyo ni Jumapili mapema. Ondokeni baada ya chai ya asubuhi na mkoba mmoja wa kubeba mgongoni, mshukie Gede kungali baridi, na mkitoka mpande matatu ya Mombasa hapo hapo barabarani kabla abiria wa jioni hawajajaa.

Lamu ingojeni mpate siku nne mfululizo, mathalani sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu na kila mmoja aongeze siku moja ya likizo, na tiketi za kwenda na kurudi zikatwe wiki moja kabla. Mkiwa hamfuati Maulidi yenyewe, epukeni siku zake, kwa sababu vyumba vya mji wa kale hujaa wageni.