Kabla Hamjabadilisha Balbu ya Taa Kubwa: Kwa Mafundi Wapya wa Pikipiki

Wiki hii nimefungua taa kubwa za pikipiki tatu, zote holda zake zimeyeyuka kwa sababu ile ile iliyoyeyusha yangu nilipokuwa mwanagenzi, na waliozifunga ni vijana niliowafundisha mwenyewe kuchuna waya. Nawapenda sana, lakini subira yangu imeanza kunuka plastiki iliyoungua.

1. Jueni kwanza taa inapata umeme wapi. Pikipiki nyingi za zamani hulisha taa moja kwa moja kutoka kwenye koili inayozalisha umeme injini ikizunguka, kwa umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, ndiyo maana mwanga hufifia injini ikitulia na kupanda ukivuta resi. LED ya DC, yaani ya umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, ukiifunga hapo itapepesa, kisha itakufa.

2. Msizidishe wati. Pikipiki yangu, ambayo taa yake ilitumia betri, ilikuja na balbu ya wati 35. Nikaweka ya wati 100, na jioni ya kwanza nilizunguka mtaa mzima bila safari yoyote, ili tu nionekane. Sikupiga hesabu kwamba waya uliozoea ampea tatu sasa unabeba zaidi ya nane. Fyuzi ilikatika mara mbili, ikinionya kwa lugha ambayo kila fundi anaielewa, nami nikaiziba mdomo kwa uzi wa waya wa shaba. Usiku wa tatu nilimpakia mama mmoja mwenye gunia la mchele kutoka Dakawa kwenda Magole. Nilisikia harufu ya kuungua, nikasema moyoni kwamba ni watu wanaochoma mkaa porini. Mara taa ikazimika, injini nayo ikazimika, kwa kuwa waya zilikuwa zimeyeyuka na kugusana, na katika giza lile nikaiacha lami na kuishia mtaroni. Hatukuumia, ila gunia lilipasuka. Tuliokota mchele kwa tochi ya simu huku malori yakitupita, na kwa muda mrefu yule mama hakusema neno, mpaka aliponiuliza taratibu: “Mwanangu, ile taa ya zamani ilikuwa na kosa gani?” Jibu sikuwa nalo. Nauli sikuidai.

3. Wekeni rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), fyuzi karibu na betri, na waya wa hasi urudi kwenye betri yenyewe.

4. Pimeni volti kwenye holda taa ikiwa inawaka. Balbu ya nyuzi ya volti 12 ikipata 10.5 tu hutoa takribani theluthi mbili ya mwanga wake, na hapo mteja anayelilia balbu mpya anahitaji kusafishiwa swichi na viungio, kazi ya nusu saa ambayo ninyi huiona haina heshima.

5. LED ikiingia kwenye kioo kilichotengenezewa balbu ya nyuzi, chipu zake, yaani vile vidoa vinavyotoa mwanga, zikae pale pale nyuzi zilipokuwa; vinginevyo mwanga hutawanyika, ukamulika miembe na kumpofusha anayekuja mbele. Kisha elekezeni taa ukutani kutoka mita 10, abiria akiwa amekaa, kwa sababu uzito wake hushusha nyuma na kuinua mwanga. Kuna kijana hapa gereji hupima pikipiki ikiwa juu ya stendi, tupu, na madereva wa malori wa barabara ya Dodoma wanaitambua kazi yake kutoka mbali, wakiisindikiza kwa honi na matusi.