Namba ya oda kwanza, programu baadaye

Dada yangu anauza sare za shule Mombasa, na Januari kwake haina usingizi. Mimi ndiye kaka "anayejua kompyuta", kwa hiyo kila tatizo lenye waya au nywila huletwa kwangu. Mwaka ule tatizo lilikuwa daftari. Oda ziliingia kwa fomu ya Google na kwa WhatsApp, pesa zikaingia kwa Paybill ya M-Pesa, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, na kila jioni alikaa simu mkono huu, kalamu mkono ule, akisaka nani kalipa nini. Siku ya oda 40, kazi hiyo ilimla saa mbili nzima.

Nikamwambia, niachie wikendi moja tu. Safaricom, wenye M-Pesa, wana Daraja, mlango wa kuunganishia programu walioufungua mwaka 2017. Ukishasajili anwani yako ya intaneti, kila mteja anapolipa, mfumo unakuletea hapo namba ya muamala, kiasi, na kile alichoandika kwenye sehemu ya akaunti. Hiyo ndiyo API kwa lugha ya dukani: programu moja inaipa nyingine habari kwa utaratibu waliokubaliana, na hakuna mtu wa kunakili katikati. Vyombo kama Zapier, Make na n8n vinakuruhusu kupanga safari ya habari hizo kwa kuburuta visanduku na kuviunga kwa mistari, bila kuandika msimbo.

Visanduku nilivipanga jioni moja. Yaliyobaki yalinichukua wiki tatu.

Tuliwaomba wateja waandike namba ya oda sehemu ya akaunti. Wapo walioandika 214. Wapo walioandika ODA214, "oda 2 14", "sare darasa la nne", "mama pacha", na mmoja akaandika "asante". Programu haijui kwamba mama pacha ndiye oda 214. Dada anajua, kwa sababu hao pacha amewapima viuno mwenyewe.

Nikakimbilia namba ya simu, nikaona hiyo haiwezi kukosea. Jedwali la oda kwenye kompyuta likala sifuri ya mbele: 0722 ikawa 722, na upande mwingine namba hiyohiyo imeandikwa 254722. Hilo nililirekebisha. Kisha nikagundua kwamba taarifa ya malipo ya Paybill haikupi namba ya mlipaji waziwazi, inaifunika. Na hata ingekuwa wazi, mama anaagiza, baba analipa kwa simu yake, au mjomba. Namba ya simu inakuonyesha simu tu.

Kilichotuokoa ni kugeuza mwelekeo. Badala ya kumsubiri mteja aandike, duka linamtumia ombi la malipo kwenye simu yake, kiasi na namba ya oda vikiwa vimeshajazwa, yeye anaweka PIN tu. Mama pacha sasa analipa 214 bila kujua kama amelipa 214.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na chombo gani, nitakuuliza kama una karatasi. Andika kila programu unayotumia: fomu, M-Pesa, orodha ya stoku, ujumbe kwa mteja. Chini ya kila moja andika inaitambua oda kwa namba gani. Usipoona namba moja inayopita kote, usilipie chochote bado.

Kosa langu kubwa lilikuja wiki ya pili. Mzunguko, yaani ile safari ya habari niliyoipanga kwa visanduku, ulikwama katikati, nikaurusha upya kwa mkono tangu asubuhi, nao ukawatumia watu ujumbe waliokwisha kuupata. Mteja mmoja akaja dukani na jumbe mbili za "tumepokea shilingi 3,200", akataka arudishiwe moja. Dada alinitazama tu, hakusema neno. Tangu siku hiyo kisanduku changu cha kwanza kinauliza: namba hii ya muamala imo kwenye jedwali? Ikiwemo, simama hapo. Fanya hivyo hata kama hujawahi kurusha kitu upya, maana mfumo wowote unaotuma taarifa unaweza kuirudia.

Mengine ni madogo, ila yanauma. Tokeni ya Daraja, yaani ufunguo wa muda ambao programu yako inaingilia, inaishi saa moja, kwa hiyo jaribio lako la saa nne asubuhi litapendeza na saa tano limekufa. Mzunguko lazima uombe tokeni mpya wenyewe. Angalia pia saa za chombo chako. Changu kilikuwa kimewekwa saa za New York na sikukagua, basi ripoti ya mauzo niliyoipangia saa mbili usiku ikawa inamwamsha dada saa kumi alfajiri.

Gharama nayo ihesabu kabla. Zapier wanatoza kwa hesabu ya hatua: hatua 4 zinazohesabiwa kwa oda 40 ni 160 kwa siku, yaani 4,800 kwa mwezi. n8n unaweza kuiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta yako isiyozimwa, ila hapo fundi ni wewe, hata siku ya Idi. Na hilo jedwali lenye majina na simu za wazazi usiliache wazi kwa kila mwenye kiungo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na duka dogo nalo linashika data za watu.

Mzunguko ukifa haupigi kelele, kwa hiyo niliuwekea kengele: hatua ikishindwa, napata ujumbe. Dada hakuridhika na kengele yangu. Kila jioni bado anajumlisha jedwali na kulilinganisha na taarifa ya M-Pesa, dakika kumi, kisha anafunga duka. Daftari lipo palepale chini ya kaunta. Ndani yake siku hizi kuna vipimo tu, na maelezo ambayo sijapata kisanduku cha kuyaweka: "kaongezeka kiuno, mama hataki kukubali".