Fereti wawili na ruhusa ya shamba: nunua nini kwanza

Mkuu, umesema una fereti majike wawili, umepata ruhusa ya kuwinda sungura kwenye shamba moja huko England, na fedha haitoshi kununua kila kitu kwa mkupuo. Umeuliza uanze na wavu mrefu au nyavu za vifuko, zile ndogo za kufunika tundu moja moja. Usianze na wavu wowote. Anza na kola ya mawimbi anayovaa fereti na kipokezi chake, kisha sepetu, kisha sanduku, nyavu zifuate. Sungura aliyekuponyoka leo utamkuta wiki ijayo. Fereti aliyebaki mita mbili chini ya ardhi bila wewe kujua yuko upande gani unaweza usimwone tena.

Fereti ni mnyama wa jamii ya kicheche, na kazi yake ni kuingia kwenye shimo la sungura na kumkurupusha atoke. Mara nyingi sungura hutoka mbio. Lakini kuna wakati sungura anajibana kwenye njia isiyo na mwisho na kumgeuzia fereti mgongo, fereti akabaki anakwaruza tu. Au fereti anamuua sungura huko huko, anakula, anajikunja na kulala. Madume wakubwa wana tabia hiyo zaidi, kwa hiyo majike wako ni mwanzo mzuri. Hata hivyo hakuna fereti ambaye jambo hilo halitamtokea siku moja.

Kola hutoa mawimbi, nawe juu unatembea na kipokezi kinachokuonyesha alipo na kina chake. Uingereza wengi hutumia seti ya kampuni ya Deben, na toleo la Mk3 husoma hadi karibu mita 5. Ukinunua vilivyotumika, vijaribu pamoja kabla ya kulipa: kola ya toleo moja inaweza isisomwe kabisa na kipokezi cha toleo jingine. Weka kola chini, pima mita moja kwa futi kamba, soma. Kisha mbili, kisha tatu. Ujue kipokezi chako kinazidisha au kinapunguza kabla hujashika sepetu. Betri mpya ziingie asubuhi ya kila siku ya kazi, na mfuniko wa betri kwenye kola uuzungushie utepe wa umeme mara mbili, kwa kuwa unaweza kufunguka kwenye udongo na maji yakaingia. Kola ibane kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo. Ikilegea huvuka kichwa na kubaki shimoni, na wewe utachimba kutafuta kola tupu. Na kanuni moja isiyo na mjadala: fereti asiye na kola haingii. Una kola moja, anaingia mmoja, mwingine anasubiri sandukuni.

Alama ikitulia sehemu moja, usikimbilie kuchimba. Subiri dakika kumi. Ikiwa bado haijasogea, pita juu yake kwa mistari ya msalaba, kusini na kaskazini, kisha mashariki na magharibi, mpaka upate mahali ambapo kina kinasomeka kidogo kuliko kote, na uchomeke kijiti hapo. Chimba shimo pana kidogo kuliko unavyodhani linahitajika, ukipima tena kila unaposhuka sentimita 30. Nusu mita ya mwisho acha kukanyaga sepetu kwa nguvu. Kwangua taratibu, kisha malizia kwa mikono. Ukitoboa dari ya njia kwa pigo moja zito, fereti anaweza kuwa hapo hapo chini ya makali. Sungura akiwa mbele yake, mtoe, halafu chunguza kwa mkono ndani zaidi, kwani nyuma yake mara nyingi kuna wa pili.

Sepetu la bustani halifai. Unataka lenye mpini mrefu na bapa jembamba lililopinda kidogo, ili likate shimo refu bila kubomoa uwanja mzima. Na udongo wote urudi na ukanyagwe. Ng'ombe au farasi akivunjia mguu kwenye shimo lako, ruhusa imekwisha, na mwenye shamba atakuwa na haki.

Sanduku liwe la mbao, lenye mkanda wa begani, matundu ya hewa yaliyo juu ya usawa wa matandiko, na kizuizi katikati ili kila fereti awe na chumba chake. Jaza mabua makavu ya ngano. Mfuko wa kitambaa ni mwepesi kubeba, lakini wakilowa humo wanapata baridi, na mtu anaweza kuwakalia. Komeo lijaribu mwenyewe kwa kutikisa. Fereti anajua kusukuma mfuniko. Chukua chupa ya maji na kibakuli, maana baada ya kazi ya chini wana kiu kali.

Sasa nyavu. Wavu wa kifuko ni kipande cha wavu chenye pete mbili, kamba inayopita pembeni, na kigingi. Sungura anapoupiga, kigingi hushikilia kamba, kamba hukaza mdomo, naye anabaki ndani. Urefu wa sentimita 90 hutosha matundu ya kawaida. Nunua kadhaa za 105 hadi 120 kwa matundu yaliyobomoka mdomo. Macho ya wavu yawe kama sentimita 5 kutoka fundo hadi fundo. Yakizidi hapo sungura mdogo hupita. Nailoni iliyosokotwa ya unene wa 10z (namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene zaidi) ni nzito kuliko ya 4z na hulala pale ulipoilaza hata upepo ukivuma, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa. Uzi wa asili hulala vizuri zaidi, lakini huoza ukihifadhiwa na unyevu.

Kwa watu wawili na mashimo ya wastani (yaani makazi ya sungura chini ya ardhi, yenye matundu mengi ya kutokea), nyavu 25 hadi 30 zinatosha. Chagua mashimo madogo yenye matundu kumi au kumi na tano, wala usiingie kwenye mlima wenye matundu sitini ukiwa na nyavu thelathini. Zibebe kwa mafungu ya kumikumi na zihesabu unapokusanya. Wavu uliosahauliwa juu ya tundu utamnasa mnyama usiku na hakuna atakayemtoa. Kwa sababu hiyo napendelea vigingi vilivyopakwa rangi kali. Sungura hajali rangi, na wewe utaviona kwenye majani makavu.

Kutega kuna mpangilio wake. Fika ukiwa upande ambao upepo unakujia usoni, usiongee, usikanyage juu ya mashimo kwa vishindo. Anza na matundu yaliyofichwa vichakani, kwa sababu ndiyo sungura hukimbilia. Ondoa vijiti na miiba mdomoni mwa tundu. Pete ya chini ikae kwenye mdomo wa chini wa tundu, ya juu ikae juu yake kidogo, wavu ulazwe ukifunika kingo zote, na kigingi kipigwe kwenye udongo mgumu nyuma ya tundu. Vuta kamba kwa kidole: ikikwama popote, wavu hautafunga, na sungura atatoka na kuuacha pale. Hilo ndilo kosa linalowapotezea wanaoanza sungura wengi. Kosa la pili ni kusimama mbele ya tundu. Sungura akikuona hurudi chini, na akisharudi mara moja hatoki tena kirahisi. Kaa nyuma ya tundu au pembeni, umetulia.

Weka nyavu tano za akiba mfukoni. Ukimnasa mmoja, mshike, ng'oa kigingi, na tundu lile lifunikwe hapo hapo na wavu wa akiba, kabla hujashughulika naye. Muue papo hapo kwa kuvunja shingo: mkono mmoja miguu ya nyuma, mwingine nyuma ya kichwa, vuta chini huku ukikunja kichwa kwenda nyuma kwa tendo moja thabiti. Jifunze hili kwa mtu anayelijua, ukimtazama akifanya, kabla ya siku yako ya kwanza. Mnyama asiteseke kwa sababu wewe unajaribu. Kisha kamua mkojo kwa kubonyeza tumbo kuelekea chini, na utoe matumbo mapema ili nyama isiharibike. Kisu kifupi kikali kinatosha kazi yote.

Fereti anapotoka, usimdake akiwa bado mdomoni mwa tundu. Akidakwa hivyo mara kadhaa atajifunza kuchungulia na kurudi ndani. Mwache atoke mwili mzima, kisha mwinue taratibu.

Wavu mrefu, wa mita 25 au 50 na miti yake, ni mzuri pale matundu yalipo ndani ya miiba usiyoweza kuifikia. Lakini unahitaji ulegevu wa kutosha ili sungura ajisokote, na kuutandaza bila kuuvuruga ni ujuzi. Acha mpaka msimu wa pili. Kwa sasa mkasi wa kukatia matawi na glavu nene vitakufungulia matundu mengi zaidi.

Ruhusa uiombe kwa maandishi na uwe nayo mfukoni. Jihadhari na makazi ya baja (badger, mnyama anayechimba mashimo), ambayo yanalindwa na sheria ya mwaka 1992: tundu lake ni pana kuliko kimo chake, kama herufi D iliyolala, upana wa sentimita 25 au zaidi, na nje kuna lundo kubwa la udongo lenye majani ya matandiko. Ukiliona, ondoka hapo hata kama sungura wanatumia tundu la jirani. Na fanya kazi kuanzia majani yanapopukutika hadi mwisho wa Februari. Baada ya hapo kuna watoto wa sungura chini, fereti atawakuta wasioweza kukimbia, na hatatoka.

Giza likiingia na betri ya kola imekufa, ziba matundu yote kwa udongo na majani isipokuwa moja, weka sanduku lake wazi mbele ya hilo likiwa na matandiko yake mwenyewe na maji, na urudi kabla hakujapambazuka. Mara nyingi utamkuta amelala humo.