Mkataba, itifaki au makubaliano?

SWALI: Natafsiri taarifa za mazingira kwa redio ya jamii hapa Tanga. Nikiandika "Itifaki ya Montreal", mhariri wangu anafuta na kuweka "Mkataba wa Montreal". Nikiandika "Makubaliano ya Paris", anaweka "Mkataba wa Paris". Anasema msikilizaji hana haja na tofauti hizo, vyote ni mikataba tu. Lakini sentensi yangu hii aliipitisha bila kuigusa: "Tanzania imesaini Itifaki ya Minamata inayopiga marufuku zebaki." Kati yetu nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa Paris, mhariri wako ana hoja. Kwa Montreal amekosea. Sentensi aliyoiacha ipite ndiyo ilihitaji kalamu nyekundu kuliko zote, nami nitaifikia.

Tuanze na Montreal. Mwaka 1985 nchi zilikutana Vienna zikapitisha mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Ulikuwa mkataba wa ahadi za jumla: tushirikiane, tufanye utafiti, tupeane taarifa. Haukusema ni gesi ipi ipunguzwe, kwa kiasi gani, wala lini. Hayo yalikuja tarehe 16 Septemba 1987 katika hati nyingine, yenye orodha ya kemikali na ratiba ya kuziondoa. Hiyo ndiyo Itifaki ya Montreal. Ndivyo ilivyo pia kwa Kyoto: mkataba mama ni ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 1992, na Itifaki ya Kyoto ya 1997 ikazaliwa humo ikiwa na viwango vya kupunguza gesi kwa nchi zilizoendelea. Kwa hiyo neno "itifaki" katika mambo haya linamwambia msomaji kwamba kuna mkataba uliotangulia, na kwamba hati hii inategemea ule.

Kuna sababu nyingine, na hii mwonyeshe mhariri wako. Upo Mkataba wa Montreal kweli, wa mwaka 1999, nao unahusu usafiri wa ndege: abiria afidiwe nini akiumia au mzigo wake ukipotea. Mtu akitafuta "Mkataba wa Montreal" ili aelewe habari za ozoni ataishia kusoma habari za mabegi yaliyopotea uwanjani.

Najua kinachomsumbua. Kwa Mtanzania wa kawaida, itifaki ni ile ya kwenye hotuba. Mzungumzaji anapanda jukwaani, anaona orodha ya waheshimiwa ni ndefu, anasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Neno lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, ambako ittifaq ni kuafikiana, kwa hiyo maana ya hati ya makubaliano haikuanzia kwa watafsiri wa Umoja wa Mataifa. Redioni, tiba yake ni nusu sentensi: "Itifaki ya Montreal, yaani hati iliyoongezwa kwenye mkataba wa kulinda ozoni." Mara ya pili humwelezi tena mtu.

Jambo huwa gumu zaidi inapofika Kigali. Oktoba 2016 nchi zilikutana huko zikakubali kupunguza gesi za HFC, zile zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi. HFC haziharibu ozoni, ila zinapasha dunia joto vibaya sana. Waandishi huandika "Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal ya Mkataba wa Vienna", na masikio yakachoka na hizo "ya". Andika "Marekebisho ya Kigali katika Itifaki ya Montreal", kisha uishie hapo. Vienna itaje tu pale habari inapoihitaji, na ukiitaja sema ni ya ozoni, maana mji ule una mikataba mingi.

Mmoja wao ndio unaoamua suala la Paris. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unasema kwamba hati iliyoandikwa na kukubaliwa na nchi kwa kufuata sheria ya kimataifa ni mkataba, liwe lolote jina lake. Hati ya Paris ya Desemba 2015, inayohusu mabadiliko ya tabianchi, inaitwa Makubaliano, lakini ni mkataba kisheria. Kwa hiyo "Makubaliano ya Paris" ni jina lake rasmi, na "Mkataba wa Paris" si kosa. Mimi kwa redio ningemuunga mkono mhariri. "Makubaliano" katika Kiswahili chetu ni neno legevu. Hata majirani wawili wana makubaliano yao ya kutumia kisima. Msikilizaji akilisikia peke yake hahisi kwamba hapo pana sheria.

Kisichoweza kuitwa mkataba ni azimio. Azimio la Stockholm la 1972 na Azimio la Rio la 1992 ni matamko ya misingi. Yana uzito wake, kwani mkutano ule wa Stockholm ndio uliosababisha kuundwa kwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, lakini maazimio hayo hayaridhiwi na hayaifungi nchi kama mkataba. Tahadhari moja: Bungeni Dodoma utasikia "Azimio la Bunge la kuridhia" mkataba fulani. Hilo ni azimio la aina nyingine, ni uamuzi wa Bunge.

Hapo tumegusa kitenzi, na kwa maoni yangu ndiko makosa mazito yaliko. Waandishi hugombania nomino huku vitenzi vikipita bila kukaguliwa.

Kusaini ni kuonyesha nia. Kuridhia ni kukubali kufungwa. Marekani iliisaini Itifaki ya Kyoto mwaka 1998 na haikuiridhia kamwe, kwa hiyo haikufungwa na viwango vyake. Mwandishi aliyeandika "Marekani imejiunga na Kyoto" alisema uongo bila kukusudia. Kwetu, Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Neno lipo kwenye Katiba, halina haja ya kubuniwa. Baadhi ya waandishi hupenda "kuidhinisha", nami silikatai, ingawa kuidhinisha hufaa pia bajeti na ramani ya nyumba, na kuridhia limeshazoeleka kwa mikataba. Angalia tu usilichanganye na kuridhika: Bunge limeridhia mkataba, mbunge ameridhika na majibu ya waziri.

Hata baada ya kuridhia, bado kuna "kuanza kutumika". Itifaki ya Kyoto ilipitishwa Desemba 1997 lakini ilianza kutumika Februari 2005, baada ya Urusi kuiridhia na masharti ya kuanza kwake kutimia. Paris ilichukua chini ya mwaka mmoja, hadi tarehe 4 Novemba 2016. Na ukivuka mpaka, maana ya kuridhia inabadilika tena. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Tanzania huhitaji kutunga sheria yake ili masharti yatumike mahakamani. Ukitafsiri taarifa ya Mombasa kwa wasikilizaji wa Tanga, jambo hilo lisikupite.

Kwa sheria za nyumbani kuna mkanganyiko kama huo, nitausema kwa ufupi. Watu husema "sheria ya mifuko ya plastiki". Mtaani hakuna tatizo. Kwenye taarifa, zilizopiga marufuku rambo kuanzia tarehe 1 Juni 2019 ni kanuni, zilizotungwa na waziri kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hupitishwa na Bunge, kanuni hutungwa na waziri, na sheria ndogo ni za halmashauri.

Sasa sentensi yako ya Minamata. Kwanza, ile si itifaki. Ni mkataba unaojitegemea, hauna mama. Umepewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa kula samaki waliokuwa na zebaki iliyotoka kwenye maji taka ya kiwanda. Pili, "imesaini" inasema kidogo kuliko ukweli: Tanzania ilisaini mwaka 2013, na baadaye ikauridhia. Tatu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi, "inayopiga marufuku zebaki" si sahihi. Mkataba unakataza kufungua migodi mipya ya zebaki na unazuia baadhi ya bidhaa zenye zebaki, lakini kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu unazitaka nchi zichukue hatua za kupunguza matumizi na, inapowezekana, kuyaondoa kabisa. Mchimbaji wa Geita anayekamatisha dhahabu kwa zebaki akisikia "marufuku" redioni, ataelewa kwamba kesho polisi watakuja na karai lake litachukuliwa.

Mimi ningeandika: "Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi zipunguze matumizi ya zebaki na, inapowezekana, ziyakomeshe kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu." Ni ndefu kuliko yako. Kama dakika za taarifa hazitoshi, punguza maneno kwingine.